Kata ya Tano

Meru Mjini,
9 Januari 1955

Kwa Shemeji yangu Mukami, mke wa nyumba yetu, Kijiji cha Kibugu, Embu.

Salamu hizi zikukute umesimama kwa miguu yako, na mama vilevile, pamoja na watoto, Teresia na Ednah. Mimi hapa Kaaga, pembeni mwa mji, ni mzima, isipokuwa jino moja la nyuma ambalo nimelipatia notisi ya kuondoka. Mvua za mwisho wa mwaka zilikatika mapema. Mzee Isaack, mwenye duka ninamofanya kazi ya ukarani, amepata mjukuu wa kike, na ameniagiza niwaandikie jamaa zake habari hiyo kwa nakala sita.

Utaona ninaandika kwa Kiswahili. Barua za lugha yetu ya nyumbani hukaa ofisini wiki nyingi zikimngoja mtu wa kuzisoma, lakini za Kiswahili hupita upesi. Kwa hiyo nakuomba nawe ujibu kwa Kiswahili, kwa maneno kamili, bila kukatisha. Na wewe bwana unayefungua barua hii kabla ya mwenyewe, pokea heshima zangu, na tafadhali usiukunje ukurasa wa pili.

Sasa naingia katika jambo lililonifanya nichovye kalamu. Tangu Hali ya Hatari itangazwe, malori ya Mzee Isaack yamekuwa yakizuiwa njiani siku mbili, siku tatu, na mali hufika ikiwa pungufu au imeoza. Mwezi uliopita aliniita nyuma ya magunia ya maharagwe akaniarifu kwamba mshahara wangu umepunguzwa kwa theluthi. Sikubishana naye, kwa sababu vitabu vya duka ninaviandika mimi mwenyewe, na ninajua anasema kweli.

Kwa hiyo kifurushi anachokuletea dereva Dekow kila mwezi hakitakuwa kama kilivyokuwa. Sukari itakuwa ratili mbili badala ya nne. Majani ya chai hayatakuwamo. Mafuta ya taa yatakuwa nusu chupa. Unga nitajitahidi usipungue, kwa kuwa ninaelewa kwamba tangu mhamishwe kutoka mlimani na kukusanywa kijijini mnaruhusiwa kwenda shambani kwa saa chache tu, na mnaishi kwa kifurushi kuliko kwa jembe.

Naomba uniandikie orodha ya kila kitu kinachotumika nyumbani kwa siku na kwa mwezi, pamoja na vipimo vyake. Nikishaipata nitaipitia na kukushauri mahali pa kubana. Watu wengi hapa sokoni hunilipa ili niwapangie maneno yao. Wewe nitakupangia jiko bila malipo.

Kuhusu mambo mengine ya nyumba ambayo sikuyataja, usidhani nimeyasahau.

Mimi mwana wa mama,
Njagi wa Kathuri
Karani wa Duka, na Mwandishi wa Maombi na Malalamiko


Kibugu,
3 Februari 1955

Shemeji Njagi,

Barua yako imefika jana. Ilikuwa imefunguliwa na kugandishwa tena kwa uji wa unga. Uji huo ungemtosha mtoto mmoja.

Sisi ni wazima. Ednah ameota meno mawili ya mbele, na Teresia ameingia darasa la pili. Mama anakohoa asubuhi lakini hataki mtu aseme kwamba anakohoa. Kuku wawili tuliokuja nao kutoka mlimani hawapo tena. Siandiki waliliwa na nani.

Orodha uliyoomba ni hii. Jioni tunapika ugali, kata tano za unga, kwa ile kata ya kibuyu ya mama yenye ufa uliozibwa kwa nta. Maharagwe ni kibaba kimoja kwa siku mbili. Chumvi ni ya kubana kwa vidole. Sukari hutumika Jumapili na siku ambayo kikohozi cha mama kimemshinda kukificha. Sabuni ni mche mmoja kwa mwezi. Kiberiti hatununui, tunaomba kaa la moto kwa jirani. Taa tunazima tukishakula. Mboga ni majani ya kunde na ya malenge, ninayachuma shambani tukipelekwa. Kuni tunaokota mara mbili kwa wiki tukiwa na walinzi. Asubuhi hatuwashi moto kabisa, maana kengele ya kazi hulia kabla ya jua.

Hayo ndiyo yote. Kama utaona mahali pa kubana, unionyeshe, mimi nimepatafuta sana.

Umeuliza habari za kila kitu kinacholiwa, lakini kuna mtu mmoja hukumuuliza. Mwezi ujao atatimiza mwaka tangu achukuliwe kwa lori pale sokoni, na hatujapata hata kadi. Sikuandikii hili ili unijibu. Umesema niandike maneno kamili, ndiyo maana nimeyaandika.

Mukami


Meru Mjini,
20 Februari 1955

Kwa Shemeji yangu Mukami.

Nimepokea orodha yako, na natamka bila kujipendekeza kwamba imepangwa vizuri kuliko nyingi ninazoletewa na watu wenye viti vya kukalia. Jino limeondoka. Mjukuu wa Mzee Isaack anaendelea kulia kwa afya. Mpe mama pole kwa kile ambacho hataki kisemwe.

Barua hii nimeiandika kwenye kaunta kwa siku mbili, kati ya mteja na mteja. Mzee Isaack alisimama nyuma yangu akasoma, kisha akauliza:

“Karani, hii ni barua au ni sheria ya serikali?”

“Ni barua ya chumvi, Mzee.”

“Chumvi ina kurasa tatu?”

“Ina sababu zake, Mzee.”

Dekow, aliyekuwa akipakia, akasema, “Mwambie shemeji yako aichemshe barua yenyewe. Itawatosha wiki nzima.” Nilikuwa katikati ya sentensi, nikaendelea kuandika.

Kuhusu maharagwe: yaloweke tangu asubuhi, na unapoyabandika utie magadi kiasi cha ncha ya kijiko. Yataiva kwa nusu ya kuni. Nimekuwekea magadi ya mwezi mmoja katika kifurushi. Kuhusu sabuni: usianze kuutumia mche ukiwa mbichi. Ukate vipande sita, uvianike juani siku nne mpaka vikauke, ndipo utumie kimoja kimoja. Mche wa mwezi mmoja utafika mwezi na nusu. Chumvi ihamishie katika kibuyu chenye shingo nyembamba ambayo mkono hauingii, kwa maana mkono ukiingia hutoka umejaa, hata kama mwenyewe hakukusudia. Sukari isitiwe ndani ya kikombe. Mama aweke kidogo ulimini, kisha anywe maji ya moto. Na chumvi ikiisha kabla ya Dekow kufika, maganda ya ndizi yaliyochomwa yakawa majivu, na majivu hayo yakachujwa kwa maji, yanafaa kupikia mboga.

Nimefurahi sana kusoma kwamba asubuhi hamwashi moto. Hiyo ni akiba kubwa, na ningekushauri hivyo kama usingekuwa umeanza mwenyewe.

Sasa nafika mahali ambapo nimetumia wino mwekundu, kwa sababu ndipo palipo na kasoro. Wewe, mama, Teresia na Ednah ni midomo minne. Unga unapikwa kata tano. Ednah ni mdogo na hawezi kumaliza hata nusu ya kata. Nimekokotoa mara tatu, na kila mara kata moja imebaki haina mdomo. Kwa mwezi ni kata thelathini, sehemu moja ya tano ya unga wote ninaotuma. *Midomo minne, kata tano. Ya tano huliwa na nani?* Naomba jibu lililo wazi, ili nami nijue ninachobana.

Mstari wako wa mwisho nimeusoma. Yako mambo yasiyopungua wala kuongezeka kwa kuandikwa.

Salamu kwa bwana anayefungua barua. Safari hii ukurasa haukukunjwa, na ninashukuru.

Mimi,
Njagi wa Kathuri
Karani, na Mwandishi wa Maombi na Malalamiko


Meru Mjini,
3 Aprili 1955

Kwa Shemeji yangu Mukami.

Ni matumaini yangu kwamba u mzima, pamoja na mama na watoto, ingawa sina karatasi ya kunithibitishia. Wiki sita zimepita. Hapa mvua imeanza, na paa la chumba changu linavuja mahali ambapo zamani niliweka vitabu.

Dekow amerudi na kifurushi cha mwezi huu kama kilivyokwenda. Anasema alikifikisha mpaka lango la kijiji, na mlinzi alipoona jina lako akamwambia, “Nyumba hiyo haipokei kitu.” Dekow akamuuliza kwa nini. Mlinzi akamwambia awashukuru wale wanaojua hesabu. Dekow hakuelewa, akanieleza kama alivyosikia.

Mimi nadhani nimeelewa. Naomba uniandikie kwamba nimekosea.

Njagi wa Kathuri


Kibugu,
19 Aprili 1955

Shemeji Njagi,

Barua hii hakuna atakayeifungua kabla yako. Nimempa Dekow mkononi alipopunguza mwendo hapa tunapovunja mawe ya barabara.

Mama yu hai. Watoto wanakula kwa majirani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mimi niko hapa tangu Machi, na zamu yangu haina siku ya mwisho.

Hukukosea kuelewa. Walikuja na barua yako wiki mbili baada ya wewe kuiandika. Mkubwa wa walinzi alituita uwanjani na kuisoma kwa sauti tangu salamu. Alisoma magadi, akasoma sabuni. Wanawake wengine walikuwa wakiyashika maneno hayo kichwani, na sasa kijiji kizima kinaanika sabuni. Mama aliposikia habari ya maganda ya ndizi alisema, “Nani alimfundisha yeye, kama si mimi?” Watu wakacheka, hata walinzi.

Kisha akafika kwenye wino mwekundu. Aliusoma mara mbili, akanitazama.

“Mama Teresia, swali hili si langu. Ni la shemeji yako, mtu wa hesabu. Mjibu yeye, mimi nisikie.”

Nikasema, “Ni ya mwenye nyumba.”

“Mwenye nyumba yuko wapi?”

“Mlimchukua ninyi. Niambieni ninyi.”

Hilo sikupaswa kulisema. Kijiji chetu kiko jirani na msitu, na kila kata ya unga isiyo na mdomo wanaihesabu kuwa imekwenda msituni. Walichimba sakafu ya nyumba. Unga walioukuta waliubeba, na wamekataza kifurushi. Nimepewa mpaka mwisho wa Mei niseme ninayemlisha ni nani. Nisiposema, nyumba itafungwa, mimi nitapelekwa kambi ya wanawake, na mama na watoto watagawanywa kwa watu.

Sasa nakujibu swali lako, ingawa umechelewa kunisikia. Kila jioni nampakulia Kithaka kwanza, katika sahani yake ya bati yenye mstari wa buluu, kisha ndipo napakulia wengine. Mama ndiye aliyenifundisha. Anasema baba yenu alipochukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani, alimpakulia miezi kumi na nane mpaka akarudi. Nyumba ambayo mume hapakuliwi, anasema, imekwisha kumzika.

Sahani hufunikwa na kulala hapo. Asubuhi kiporo kile ndicho mama anachokula, kwa sababu jioni huwaachia watoto na kusema ameshiba. Kabla ya kula humwambia Kithaka, “Nakumalizia, mwanangu.” Umefurahi kwamba asubuhi hatuwashi moto. Ni kata hiyo ndiyo inayotuwezesha tusiuwashe. Nyumbani kwetu hakuna unga uliobanwa kuliko huo, maana unalisha watu wawili na mmoja hayupo.

Wewe huwaandikia maombi watu wasiokujua. Niandikie na mimi. Lakini umtaje kwa jina. Ombi lisilo na jina lake litakuwa magadi mengine tu.

Mukami


Meru Mjini,
1 Mei 1955

Kwa Shemeji yangu Mukami, kwa mkono wa Dekow.

Nasalimu nyumba yote. Mimi sina habari za kuandika kuhusu afya yangu.

Mwaka jana nilipoomba ruhusa ya kukaa Meru, fomu iliuliza nina ndugu wangapi wa kiume. Niliandika: hakuna. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Kwa neno hilo nilipata kibali, chumba na kaunta, na kwa sababu ya neno hilo barua zangu zote kwako hazikuwa na jina unalolitafuta. Sikukueleza, kwa kuwa sikupata namna ya kulisema ambayo ingesomeka vizuri.

Nimetafuta maneno ya kukuomba radhi. Yale ninayoyajua ni ya kuwaandikia watu wakubwa, na hayakai sawa nikiyaelekeza kwako. Badala yake nakuletea nakala ya ombi nililopeleka leo kwa mkono wangu mwenyewe:

“Kwa Bwana Mkubwa wa Tarafa.

Bwana Mheshimiwa,

Mimi niliyetia sahihi hapa chini ni ndugu wa tumbo moja na Kithaka wa Kathuri, aliyechukuliwa Kibugu mwezi wa Machi 1954. Neno ‘hakuna’ lililomo katika fomu yangu ya kibali si la kweli, na niliyeliandika ni mimi.

Tarehe 20 Februari nilimwandikia mke wake kuuliza kata ya tano ya unga huliwa na nani. Swali hilo liliulizwa na mtu aliyekokotoa midomo bila kukokotoa asubuhi. Kata hiyo hupakuliwa jioni kwa jina la Kithaka, na huliwa kesho yake ikiwa baridi na mama yetu mzazi, ambaye ana umri usiopungua miaka sabini na jino moja la kutafunia. Haitoki nje ya mlango.

Mwombaji haombi aaminiwe kwa maneno. Anaomba atumwe mtu mmoja, mwenye macho na subira, akae katika nyumba hiyo jioni saba na asubuhi saba, aitazame sahani. Kama sahani itasogea kuelekea msituni hata hatua moja, mwombaji achukuliwe pamoja na mke wa nyumba hiyo. Kama haitasogea, anaomba kosa la hesabu liandikwe juu ya aliyelifanya, na kifurushi cha unga kipokewe langoni kama zamani.”

Ni ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuandika. Niliandika la kurasa nne kwanza, nikalichana.

Dekow amebeba na kibaba cha unga ndani ya kofia yake. Usiulize kimepimwaje.

Njagi, ndugu yake Kithaka


Kibugu,
26 Juni 1955

Shemeji Njagi,

Tuko wote nyumbani, katika nyumba ileile. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa. Mama anakusalimu na kuuliza jino lake umelihesabu lini. Anasema ni mawili.

Ombi lako lilijibiwa siku tisa kabla ya Mei kwisha. Hatukuandikiwa neno. Aliletwa mlinzi mmoja, Kiambi, mtu mzima mwenye tumbo, anayetoka kule chini kwenye ukame. Aliambiwa akae kwetu siku saba aitazame sahani.

Jioni ya kwanza aliketi mlangoni na mkuki wake. Nilipakua ya Kithaka kutoka katika unga wa kofia, nikaifunika. Mama akamwambia:

“Unaitazama kama mbuzi aliyefungwa mbali na majani.”

“Niko kazini, Nyanya.”

“Kazi ya kulinda ugali?”

“Kazi ni kazi, Nyanya.”

“Mke wako anajua kwamba hii ndiyo kazi yako?”

“Anadhani ninalinda daraja.”

Asubuhi mama aliifunua, akasema maneno yake kwa Kithaka, akala polepole. Kiambi alitazama mpaka mwisho. Siku ya pili ikawa hivyo. Siku ya tatu aliniuliza kama ugali uliolala ni mtamu. Siku ya nne tumbo lake lilinguruma mpaka Ednah akaamka, na mama akaniambia, “Mpakulie huyu mtu. Hawezi kulinda chakula cha mwanangu akiwa na njaa, atakila.” Kwa hiyo siku nne za mwisho nilipika kata sita. Unga huo nilikopeshwa na majirani. Ukitaka kubana, anza na serikali.

Alipomaliza siku zake aliripoti uwanjani, mbele ya mkubwa wake: “Anayekula ni bibi mzee. Anakula asubuhi. Kwanza anamwomba ruhusa mwenyewe.” Mkubwa akauliza mwenyewe ni yupi. Kiambi akasema, “Yule aliye katika barua.”

Nimeondolewa kwenye mawe. Dekow anaweza kuleta kifurushi.

Sasa ni zamu yangu kuuliza, na siulizi kwa wino mwekundu. Dekow anasema kwenye kaunta kuna karani mwingine. Uko wapi?

Mukami


Meru Mjini,
7 Agosti 1955

Kwa Shemeji yangu Mukami.

Salamu kwa mama na kwa meno yake mawili. Naomba radhi kwa takwimu ile.

Kuchelewa kwangu kujibu kuna sababu. Kuhusu lile neno la fomu, niliitwa nikalieleze, na nilikaa siku thelathini na moja mahali ambapo hawauzi wino. Nilipotoka kibali changu kilikuwa kimefutwa. Mzee Isaack alikwenda mwenyewe kusema kwamba ananihitaji. Alipoulizwa ananihitajia nini, alisema kubeba magunia, kwa sababu ukarani nimekatazwa. Nimepewa kibali cha miezi mitatu mitatu. Mzee alisema, “Karani, magunia hayana tahajia.” Nilimjibu kwamba yana uzito, na uzito nao unahitaji usahihi.

Maombi siandiki tena sokoni. Nyuma ya duka, jioni, huandika barua za watu wawili watatu.

Mshahara wa mbebaji ni nusu ya ule wa karani. Hata hivyo kifurushi cha mwezi huu kina unga uleule. Nimepitia matumizi yangu mwenyewe kwa uangalifu niliowatumia ninyi, na nimegundua kwamba mtu mmoja anaweza kuondoa sukari, mafuta ya taa na mlo wa mchana bila kumwandikia yeyote.

Msalimu Teresia na Ednah. Na ukipakua, msalimu Kithaka.

Njagi


Kibugu,
1 Julai 1956

Shemeji Njagi,

Sisi ni wazima. Teresia amekuwa wa tatu darasani. Mahindi ya shamba la chini yamebeba. Barua zetu za mwaka mzima zimekuwa za sabuni na chumvi, na nilizipenda hivyo. Leo ninayo nyingine.

Kithaka amerudi. Alifika Jumapili iliyopita jioni, kwa miguu kutoka Embu mjini, na karatasi ya kuachiliwa mfukoni. Alipoinama mlangoni tulikuwa tumeshaketi. Sahani yake ilikuwa imeshapakuliwa, imefunikwa. Sikuhitaji hata kusimama. Nilimsogezea. Aliitazama muda mrefu na hakuuliza nilijuaje kwamba anakuja.

Hasemi alikuwa wapi. Mkono wa kushoto haunyooki. Mama amemuuliza mara moja tu, akaacha. Kiambi alipita langoni akamsalimu kwa jina, akasema, “Nilikulindia ugali wako.” Kithaka alidhani ni mlevi. Nikamweleza, na akacheka kidogo, mara ya kwanza na ya mwisho mpaka leo.

Najua utauliza, au utajizuia usiulize, kwa hiyo nakuandikia mwenyewe. Nilijua kwamba mwenye sahani akirudi mama atakosa kiporo chake, nami nikawa tayari kuongeza kata. Haikuhitajika. Kithaka hula nusu. Akifika hapo huweka mkono juu ya sahani, huifunika mwenyewe, na kuisogeza ukutani, kama mtu anayemwekea mwingine. Asubuhi mama hula iliyobaki. Haambii mtu neno, maana anayemmalizia amelala palepale.

Basi tuko midomo mitano, na unga ni kata tano. Hesabu yako imetimia, Shemeji. Usifurahi.

Mukami


Meru Mjini,
15 Julai 1956

Kwa ndugu yangu Kithaka, na kwa Shemeji Mukami.

Namsalimu mama, na nawasalimu wote mlioketi hapo jioni. Nimeomba pasi ya siku tatu nije kuwaona. Bado haijajibiwa.

Dekow amebeba unga zaidi ya ule wa kila mwezi. Kuanzia siku unga huo utakapofika, Shemeji, tafadhali pima kata ya sita.

Usiniandikie ni ya nani.

Njagi wa Kathuri